Msambazaji anataka haki zote za filamu yangu kwa miaka 15. Nisaini?

Swali: Nimemaliza filamu ya Kiswahili ya dakika 98. Tumepiga Bagamoyo na Dar es Salaam kwa kamera ya 4K. Msambazaji mmoja wa nje anasema ataipeleka Netflix, Prime Video na kwingineko. Hatoi hela ya mwanzo, anakata asilimia 30 pamoja na gharama zake, na anataka haki zote, dunia nzima, miaka 15. Nisaini? Na hizi kampuni kubwa zinataka nini hasa, maana kila ninayemuuliza ananiambia lake. (Mtayarishaji, Dar es Salaam)

Jibu: Usisaini mkataba huo kama ulivyo. Kamisheni ya asilimia 30 inazungumzika. Kinachotisha ni kwamba anachukua kila kitu, kila mahali, kwa miaka 15, bila kuweka hata shilingi mezani. Mtu ambaye hajaweka hela yake haumii filamu ikilala kabatini kwake. Wewe utaumia, kwa sababu hutakuwa na ruhusa hata ya kuiuza kwa Sinema Zetu ya Azam bila kumpigia magoti.

Ili ujue cha kubishania, elewa kwanza kinachouzwa. Kampuni ya strimingi hununua ruhusa ya kuonyesha, na ruhusa hiyo hukatwa vipande: aina ya matumizi, eneo, muda, na kama ni ya kwake peke yake au la. Aina za matumizi ni nyingi kuliko watayarishaji wetu wanavyodhani. Kuna usajili wa mwezi kama wa Netflix, kuna kukodi au kununua filamu moja moja, kuna bure yenye matangazo kama YouTube, televisheni ya kulipia, televisheni ya bure, sinema, ndege na hoteli, halafu haki ya kuitengeneza upya au kuigeuza tamthilia. Kila kipande kinaweza kuwa na mnunuzi wake. Ndiyo maana filamu moja huonekana Netflix ukiwa Nairobi na ukifika London haipo: aliyeiuza aligawa maeneo. Mkataba unaosema "haki zote" unamkabidhi mtu mmoja vipande vyote hivyo, pamoja na vile asivyojua hata kuviuza.

Kuhusu Netflix yenyewe, milango ni miwili. Wa kwanza ni kazi wanayoiagiza na kuigharamia wenyewe, ambayo mara nyingi wanaimiliki moja kwa moja. Wa pili ni leseni: filamu imeshakwisha, wanalipa kiasi fulani kuionyesha katika nchi fulani kwa miaka kadhaa, kisha haki zinarudi kwa mwenyewe. Filamu yako inafaa mlango wa pili. Netflix haipokei kazi inayotumwa na mtu wasiyemjua. Lazima ipite kwa wakala, mwanasheria, mtayarishaji au kampuni ambayo tayari wanafanya nayo kazi. Hapo msambazaji wako anasema kweli kwamba unahitaji mtu wa kati. Na milango hiyo si ya kufikirika kwa Mtanzania: Binti ya Seko Shamte iliingia Netflix mwaka 2022, na mwaka 2023 Walt Mzengi Corey alikuwa miongoni mwa waongozaji wa filamu fupi za hadithi za Kiafrika ambazo Netflix ilizigharamia kwa kushirikiana na UNESCO.

Lakini "nitaipeleka Netflix" ina maana ya kutuma barua pepe na kiungo cha kutazamia. Haina maana ya kuuza. Mwombe orodha ya filamu za Afrika alizouza kwa kampuni hizo katika miaka miwili iliyopita, kisha wewe mwenyewe watafute watayarishaji wa filamu hizo uwaulize mambo matatu: mlilipwa, mlilipwa baada ya muda gani, na taarifa ya mapato mnaipata bila kudai? Akikwepa kutoa majina, umeshapata jibu.

Miaka 15 kwenye biashara hii ni mingi mno. Netflix ilifungua nchi 130 kwa mpigo Januari 2016, Afrika Mashariki ikiwemo. Miaka sita baadaye, katika nusu ya kwanza ya 2022, ikapoteza wateja robo mbili mfululizo, na Novemba mwaka huo ikaanzisha kifurushi chenye matangazo, jambo ililokuwa imelikataa kwa miaka. Kenya ilipewa kifurushi cha bure cha simu mwaka 2021, kikafutwa 2023. Amazon iliingia Afrika kwa kishindo, halafu Januari 2024 ikasimamisha kuagiza kazi mpya barani humu. Showmax, jukwaa la strimingi la Afrika, ilizinduliwa upya Februari 2024 ikiwa na Comcast ya Marekani kama mbia wa asilimia 30, na Septemba 2025 MultiChoice, kampuni mama ya Showmax, ikaingia chini ya udhibiti wa Canal+ ya Ufaransa. Studio ya Warner ilinunuliwa na kampuni ya simu ya AT&T mwaka 2018, ikaunganishwa na Discovery mwaka 2022, na Agosti mwaka huohuo uongozi mpya ukaamua kutoitoa kabisa filamu ya Batgirl iliyokuwa karibu kukamilika, kwa sababu za kihesabu na kikodi. Kama hilo linaweza kuipata filamu ya mamilioni ya dola, na yako inaweza kukwama kwa mnunuzi aliyebadilisha bosi. Kinga yake ni muda mfupi na kipengele cha haki kurudi.

Sasa tupige hesabu ya hizo "asilimia 30 pamoja na gharama". Huu ni mfano tu. Tuseme anaiuza leseni kwa dola 20,000. Anatoa kamisheni yake, dola 6,000; zinabaki 14,000. Halafu gharama: ukaguzi wa kiufundi na kutengeneza faili dola 2,500, manukuu 1,500, bango na trela mpya 2,000, safari ya soko la filamu Cannes 6,000. Jumla 12,000. Mkononi mwako zinafika dola 2,000, na kwa kuwa leseni nyingi hulipwa kwa awamu ndani ya kipindi chake, hizo 2,000 ndizo za mwisho kufika. Hajaiba hata senti. Mkataba ndio ulivyosema. Safari ya Cannes huenda alikwenda na filamu nyingine ishirini, lakini kama hakuna kikomo kilichoandikwa, anaweza kukubebesha yote.

Kwa hiyo mrudishie mkataba ukiwa na mabadiliko. Muda uwe miaka mitatu, mitano ikiwa mingi. Kama ameshafunga leseni na mnunuzi inayovuka tarehe hiyo, leseni hiyo imalizike, lakini asifunge nyingine mpya. Haki ziwe za usajili, kukodi na televisheni nje ya Afrika Mashariki. Sinema na televisheni za Tanzania, Kenya na Uganda zibaki kwako, kwa sababu huku unawajua watu kuliko yeye. YouTube ibaki kwako pia, ukikubali kutoipandisha hadi tarehe mtakayoandika. Haki ya kutengeneza upya na tamthilia usiitoe kabisa. Gharama ziwe na kikomo cha dola, tuseme 5,000 kwa muda wote, na chochote kinachozidi dola 500 kiidhinishwe nawe kwa maandishi kabla hakijatumika. Gharama za filamu zake nyingine zisikatwe kwenye mapato ya kwako. Taarifa ya mapato ije kila robo mwaka kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila nusu mwaka, nawe uwe na haki ya kukagua vitabu vyake.

Kisha vipengele viwili ambavyo wengi huvisahau. Cha kwanza: asipoleta mkataba uliosainiwa na mnunuzi ndani ya miezi 12, haki zote zinarudi kwako kwa barua moja, bila deni. Cha pili: akifilisika au akifunga kampuni, haki zinarudi siku hiyohiyo na fedha zako zilizo kwake si mali yake. Distribber ya Marekani, iliyokuwa ikiwaingiza watayarishaji huru kwenye majukwaa makubwa, ilianguka mwaka 2019, na wengi wakabaki wakihangaika kupata fedha zao wakati filamu zao bado zinaonyeshwa.

Akikubali haya, hata bila hela ya mwanzo, unaweza kufanya naye kazi. Akitaka haki zote kwa muda mrefu, basi alipe kiasi cha uhakika mapema. Ningekataa "haki zote" bila malipo hata kama mtu ana jina kubwa kiasi gani.

Nije kwenye kile kinachoangusha filamu nyingi za kwetu, nacho ni karatasi. Mnunuzi akipenda filamu, mwanasheria wake ataomba mnyororo mzima wa umiliki: hadithi ilitoka kwa nani, nani alimlipa nani, nani alimkabidhi nani. Unahitaji mkataba ulioandikwa na kusainiwa na mwandishi, mwongozaji, kila mwigizaji mwenye maneno, mpiga picha, mhariri na mtunzi wa muziki, wakisema wazi kwamba haki za mchango wao zimehamia kwako au kwenye kampuni yako. Kwa mtoto, mzazi asaini. Kama hadithi imetoka kitabuni, haki ya kitabu iwe ya kwanza kwenye faili. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyozinduliwa tamasha la Toronto mwaka 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, na kazi ya namna hiyo haiwezi kusogea hatua moja bila karatasi hiyo. Ongeza kibali cha Bodi ya Filamu, usajili wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki), barua za wenye nyumba mlimopiga, ruhusa ya mamlaka ya mambo ya kale kama mliingia kwenye magofu, na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kama mlirusha droni. Aliyepiga Kenya atatafuta vya KFCB (bodi ya filamu) na KECOBO (bodi ya hakimiliki).

Muziki una karatasi mbili kwa kila wimbo: ruhusa ya mtunzi na ruhusa ya mwenye rekodi. Msanii rafiki yako akikwambia "tumia tu kaka", hiyo ni ruhusa ya nusu, kwa sababu rekodi mara nyingi ni ya lebo au ya studio. Na angalia muziki ambao hukuuweka. Mmepiga mazungumzo ndani ya daladala, redio ya dereva inapiga Bongo Fleva. Sauti ya wimbo imeingia kwenye maikrofoni moja na maneno ya mwigizaji. Huwezi kuufuta bila kuharibu maneno, na huwezi kuuza bila kuulipia. Tazama filamu yako yote ukiwa na spika za masikioni, uandike kila redio, kila baa, kila televisheni inayoonyesha mpira nyuma ya mwigizaji. Kwa kila sehemu kuna njia tatu tu: lipia, rudia kurekodi mazungumzo studio, au kata. Kufanya hivyo sasa ni kazi ya siku chache. Kufanya baada ya mnunuzi kukagua kunaweza kukuvunjia mkataba.

Wanunuzi wengi watataka pia bima ya makosa na usahaulifu, inayowalinda mtu akidai umemwibia hadithi au umemchafulia jina. Kiwango cha kawaida ni dola milioni 1 kwa dai moja na milioni 3 kwa jumla. Kabla hujainunua mwenyewe, muulize msambazaji kama anaweza kuiingiza filamu kwenye bima yake na atakukata kiasi gani.

Upande wa ufundi, tofautisha masharti ya kazi walizoagiza na ya leseni. Kwa kazi wanazoziagiza, Netflix hudai 4K halisi, kamera zilizo kwenye orodha yao, na mfumo maalumu wa faili. Kwa leseni, picha ya HD iliyopigwa vizuri hupita. Kwa hiyo kama sehemu ya filamu yako ilipigwa kwa HD, usiikuze ikaonekana 4K ili kumfurahisha mtu. Mkaguzi huiona: kingo za nywele zinakuwa na mstari mweupe, ngozi inakuwa kama nta.

Kosa la picha linalojirudia zaidi ni kuchanganya kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Kamera kuu ilikuwa 25, droni 30, na vipande vya simu vina kasi inayopanda na kushuka. Programu ya uhariri inavilazimisha viende pamoja kwa kurudia au kuchanganya fremu, na gari linalopita linaonekana linarukaruka. Rudi kwenye vipande vya asili, vigeuze kimoja kimoja kwa umakini au vipunguze. Filamu itoke kwa kasi ileile iliyopigwa nayo. Usiibadilishe 25 kuwa 24 kwa sababu mtu kasema ndiyo ya "sinema". Na kama ulipiga kwa 24 chini ya taa zetu za umeme wa hezi 50, kagua mwako wa taa za tyubu kwenye kuta. Safari nyingine weka shata nyuzi 172.8, ambayo kwa kasi ya 24 inakupa moja ya hamsini ya sekunde, na taa zinatulia.

Sauti hurudisha filamu nyingi kuliko picha. Unahitaji mchanganyiko wa stereo na wa 5.1, yaani sauti inayomzunguka mtazamaji. Huo wa 5.1 uchanganywe kwenye chumba chenye spika sita kwelikweli, maana stereo iliyopanuliwa kwa programu hujulikana mara moja: mazungumzo yanavuja kwenye spika za nyuma. Kipimo cha Netflix cha ukubwa wa sauti ni wastani wa LKFS -27, ukipimwa kwenye mazungumzo, ukipishana kwa 2 juu au chini, na vilele visizidi desibeli -2. Televisheni nyingi zinazofuata kanuni za Ulaya hutaka -23, kwa hiyo toa matoleo mawili badala ya kutumia moja kila mahali. Zaidi ya hapo, andaa sauti yenye muziki na vishindo tu, bila maneno. Bila hiyo filamu haiwezi kutiwa sauti ya Kifaransa au Kireno, na nusu ya Afrika imefungwa kwako. Shida ni kwamba ukiondoa maneno, hatua za miguu, mlango na vikombe vilivyorekodiwa pamoja nayo vinaondoka pia, kwa hiyo lazima vitengenezwe upya studio. Tenga siku za kazi hiyo na uilipie. Wengi hudhani ni kubonyeza kitufe.

Manukuu ya Kiingereza yasichomwe kwenye picha. Yawe faili lake, na filamu iwe na toleo safi lisilo na maandishi yoyote, hata majina ya mwanzo. Kanuni za Netflix ni mistari isiyozidi miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, na nukuu moja isikae zaidi ya sekunde 7. Usimpe kazi hiyo mtu anayejua Kiingereza tu. Mpe anayejua kufupisha, kwa sababu mwigizaji wa Kiswahili cha mtaani husema mengi kwa sekunde tatu, na mtazamaji wa Toronto lazima asome na kumwona uso. Andaa na manukuu ya Kiswahili kwa viziwi.

Mpangilio wa kuuza nao una hesabu yake. Matamasha kwanza, kwa sababu mengi makubwa hukataa filamu iliyokwishapanda mtandaoni. Tamasha la ZIFF la Zanzibar na soko la filamu la Durban FilmMart la Afrika Kusini ni mahali ambapo wanunuzi wa bara hili hufika wenyewe. Kisha sinema, kama utapata siku hata chache. Kisha strimingi ya usajili, kisha televisheni, na mwisho YouTube. Ukianza na YouTube, thamani ya vilivyotangulia hushuka karibu na sifuri. YouTube yenyewe hukupa asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, baada ya chaneli kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo, kwa hiyo asilimia 30 itakatwa kwenye fedha zinazotokana na watazamaji wa Marekani peke yao; usipojaza, makato yanaweza kugusa mapato yako ya dunia nzima.

La mwisho ni diski. Filamu ya dakika 98 kwenye ProRes 422 HQ (aina ya faili kuu la kukabidhi) ya 4K, fremu 25, ni kama gigabaiti 540. Ya HD ni kama 135. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, hiyo ya kwanza inachukua saa 60 za kupandisha bila kukatika, kwa hiyo usiahidi kuikabidhi "kesho". Pandisha pamoja na namba ya uhakiki ya MD5, mpokeaji aihesabu upya upande wake na kukuthibitishia kwa barua pepe. Mpe msambazaji nakala tu. Faili kuu, mafungu ya sauti, mradi wa uhariri na karatasi zote za haki zikae kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti, na kila baada ya miezi sita uzifungue zote mbili uone kama zinasoma.